Biskuti za Wageni na Kiuno cha Mwenyeji

Ushauri mwingi wa kupunguza uzito umetungwa kana kwamba anayeufuata anaishi peke yake. Anaambiwa afungue kabati, atoe biskuti zote, agawe soda kwa majirani, ajaze friji mboga za majani, basi. Mpe ushauri huo mama wa Mbagala anayeishi na mume, watoto wanne, mama mkwe na mdogo wake anayesoma chuo. Ataitikia kwa adabu, kisha atarudi nyumbani maisha yaendelee. Biskuti si zake, ni za watoto kwenda nazo shule. Soda ni za wageni. Maandazi yaliyo kwenye hotipoti yanamsubiri baba. Anayepunguza uzito ni mtu mmoja, wenzake wote hawamo.

Kwa hiyo leo sizungumzii nia. Nia watu wanayo, tena ya kutosha. Nazungumzia kinachoingia ndani ya nyumba, mahali kinapowekwa na saa kinapoliwa, maana kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kazi iko hapo.

Tuanze na swali la kwa nini vyakula hivi huwashinda watu wazima wenye akili zao timamu. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali yao ya utafiti huko Bethesda. Watu 20 walikaa humo wiki nne. Wiki mbili walilishwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vile vya viwandani vyenye viungo ambavyo hakuna jiko la nyumbani linavyo, na wiki mbili walilishwa vyakula vya kawaida. Milo ya pande zote mbili ilipangwa ilingane kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mmoja aliruhusiwa kula hadi atosheke. Walipokuwa kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula vya kawaida walipungua kiasi hicho hicho. Watu ni wale wale na nia zao ni zile zile, kilichobadilika ni sahani tu.

Jambo jingine lililoonekana ni mwendo wa kula. Vyakula vya viwandani viliteremka haraka zaidi. Ni laini, havihitaji kutafunwa sana, na tonge dogo limebeba kalori nyingi. Habari ya kushiba inapofika kichwani, mkono umeshamaliza pakiti.

Lakini tusivitwike viwanda mzigo wote. Andazi la nyumbani halikutoka kiwandani, ila mwili unayahesabu mafuta yake vilevile. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina 4. Chukua viazi. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori 85 hivi. Vikikaangwa vikawa chipsi, gramu hizo hizo hukaribia 300. Vikikatwa vyembamba na kukaushwa kwa mafuta vikawa krispi, hupita 500, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yameingia. Kiazi ni kile kile kutoka Njombe. Hivyo mtu anayeniambia ameacha wali na ugali lakini bado anapitia chipsi mayai jioni, namwomba arudi kwenye wali na maharage.

Na chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, sawa na vijiko sita vya chai. Wengi wetu tunavimaliza kwa vikombe viwili kabla ya saa nne asubuhi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 peke yake ina zaidi ya gramu 30.

Sasa turudi kwenye kabati. Akiba ya wageni ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu ina heshima. Hakuna anayethubutu kusema isinunuliwe, maana mgeni akikuta nyumba tupu ni aibu. Kwa hiyo hununuliwa kwa katoni, na hoja ni kwamba duka la jumla Kariakoo lina nafuu. Nafuu ya pesa ipo, sikatai. Tatizo ni kwamba mgeni huja mara moja kwa wiki mbili na katoni huisha kwa siku tano. Mwaka 2004 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walionyesha kwamba watu waliopewa krispi katika pakiti za ukubwa tofauti, kuanzia gramu 28 hadi 170, walikula zaidi kadiri pakiti ilivyokuwa kubwa, na ulipofika mlo wa jioni hawakupunguza kiasi cha kufidia. Wingi ulio mbele ya mtu humwambia ale. Mgeni atapewa nini, basi? Karanga za kukaanga bila mafuta, tende, matunda ya msimu, chai ya tangawizi ambayo kila mtu anajitilia sukari mwenyewe. Kama ni lazima awepo mgeni wa soda, duka la Mangi liko hatua ishirini na mtoto wa kutumwa yupo.

Mahali pa kuweka napo pana uzito wake. Biskuti zilizo kwenye chombo cha kioo juu ya meza huliwa na kila anayepita, hata aliyeshiba. Zikiwekwa kwenye debe lenye mfuniko, kabati la juu, hata mwenye nyumba huona uvivu kupanda kiti. Matunda ndiyo yakae mezani, tena yakiwa yameoshwa na kumenywa. Nanasi zima lenye miba halishindani na pakiti inayofunguliwa kwa meno.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanafunga kabati kwa kufuli na kupiga marufuku. Kwa watoto sishauri. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Leann Birch walichapisha majaribio ambamo watoto wadogo walizuiwa chakula fulani kilichokuwa mbele ya macho yao. Watoto hao walikizungumzia na kukiomba zaidi kuliko walipokuwa huru. Ni bora chakula hicho kisiwepo nyumbani siku za kawaida, na siku kikinunuliwa kiliwe na wote, hadharani, kwa kiasi cha siku hiyo, kisha kiishe. Jumamosi ya keki ijulikane ni Jumamosi ya keki.

Kuna kalori nyingine ambazo hakuna anayezitaja akiulizwa amekula nini, nazo ni makombo. Mtoto amebakiza nusu andazi, mwingine vijiko vitatu vya wali, mwingine kipande cha mkate chenye siagi. Mama aliyelelewa akiambiwa kutupa chakula ni dhambi anasimama kwenye karo akivimalizia kimoja kimoja. Sitamwambia atupe. Namwambia apakue kidogo, anayetaka aongezwe, na kilichobaki kwenye sufuria kifunikwe na kuhifadhiwa kabla vyombo havijaguswa. Kama kuna kuku uani, nao wana njaa.

Saa ya hatari kwa wengi ni saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ukichunguza utakuta mtu huyo asubuhi alikunywa chai tu, mchana akajisifu kwamba hakula, na sasa anarudi nyumbani amechoka huku harufu ya bajia imejaa mtaa mzima. Hapo usilaumu bajia. Aliyekula mchana maharage au dagaa, mboga na ugali wa kiasi anapita hapo akiwa mtulivu zaidi, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu. Usingizi mfupi nao huongeza njaa ya siku inayofuata, na hamu yake huelekea kwenye vitamu na vya mafuta.

Wakati wa Ramadhani tatizo ni aina nyingi. Meza ya futari yenye sambusa, kachori, katlesi, vitumbua na tambi hufanya kila ladha mpya ifungue hamu upya, ingawa tumbo limeshajaa. Chagua aina moja ya kukaanga kwa siku, na uji au matunda yatangulie.

Hata hivyo, kabla hujamwaga kila kitu, angalia unaishi na nani. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, sukari yake inaweza kushuka ghafla akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Anahitaji gramu 15 hivi za sukari papo hapo, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai vikikorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Nyumba yake isikose kitu hicho. Bibi aliyedhoofika na mtoto asiyeongezeka uzito nao hawahitaji sahani ya mtu anayepungua. Na anayekula kwa kujificha hadi anashindwa kujizuia, kisha anajitapisha au kujifungia kwa majuto, amwone daktari, maana hilo si suala la kabati.

Mwisho ni ndugu wenyewe. Kwetu, kukonda bado kunasomwa kama ugonjwa au ndoa yenye matatizo. Mama mkwe atauliza, "Mwanangu, mbona umepukutika, una nini?" na papo hapo ataongeza upawa wa pilau. Mjibu mapema, kabla ya sahani: "Mama, shinikizo la damu lilipanda, daktari kaniambia nipunguze. Naomba unisaidie." Ukimwomba msaada huwa mlinzi wako mkali kuliko mimi. Mkiona mwenzenu anajitahidi, acheni ile kauli ya "leo tu, kula, utaanza kesho". Na wewe unayekwenda kumtembelea Jumapili hii, usibebe kreti ya soda wala keki. Beba tikiti maji.