Jina la Kalulu: Habari za Stanley na Riwaya Yake

Mgeni afikapo Ujiji hupelekwa penye miembe na mnara wa kumbukumbu, akaelezwa ya kuwa hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta Dakta David Livingstone mwaka 1871. Habari hiyo wasomaji wetu waijua, na wengi wao wameifundisha shuleni. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa Stanley, aliporudi kwao, alitunga pia riwaya, yaani hadithi ndefu ya kubuni, juu ya nchi hizi za kati, na ya kuwa jina la riwaya hiyo alilitwaa kwa mtoto mmoja mtumwa aliyefika Ujiji katika msafara ule ule. Kitabu chaitwa My Kalulu, maana yake Kalulu Wangu. Tumeona vema kueleza habari za mtungaji, za kitabu chake, na za mtoto mwenyewe, kwa sababu jambo lililompata mtoto huyo lahusu kazi yetu sisi tuandikao majina ya watu katika vitabu vya shule na vya ubatizo.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa Stanley si jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa mwaka 1841 huko Denbigh, katika nchi ya Wales, na jina lake lilikuwa John Rowlands. Wazazi wake hawakuoana, wala hawakumlea. Utoto wake mwingi aliupitisha katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akiwa mtumishi wa merikebu, na huko akajitwalia jina la mfanyabiashara wa pamba aliyeitwa Stanley. Katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe alipigana upande mmoja, kisha upande wa pili. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na dunia ikamhesabu kuwa Mmarekani, ingawa uraia wenyewe aliupata mwaka 1885, na mwaka 1892 akarudia uraia wa Kiingereza. Basi aliyefika Ujiji alikuwa mtu aliyekwisha kuliacha jina lake, na kujifanyia jingine. Neno hili msomaji na aliweke moyoni, maana tutalirudia.

Stanley alifika Unguja Januari 1871, akaondoka Bagamoyo na wapagazi wake, akafika Tabora, akachelewa huko kwa miezi kadhaa kwa ajili ya vita vya Waarabu na Mirambo. Alipokuwa akingoja, Mwarabu mmoja wa mji alimpa zawadi ya mtoto mtumwa. Mtoto huyo aliitwa kwa maneno ambayo Stanley aliyaandika Ndugu M'hali, akayafasiri kuwa ni mali ya ndugu yangu. Jina hilo halikumpendeza. Akawakusanya watu wake wachague jina jingine. Mmoja alitaka mtoto aitwe Simba, mwingine Ng'ombe, na mwingine alipotaja jina la Mirambo watu wote wakacheka. Ndipo askari mmoja, Ulimengo, akamtazama mtoto jinsi alivyokuwa mwembamba na mwepesi, mwenye macho maangavu, akasema aitwe Kalulu. Wote wakakubali. Maji yakaletwa katika chombo cha bati. Selim, kijana Mkristo wa Yerusalemu, aliyekuwa mkalimani wa Kiarabu, akasimama kama msimamizi wa ubatizo. Na Stanley akatangaza ya kuwa tangu siku hiyo jina la mtoto ni Kalulu, na mtu asimnyang'anye.

Hapa wapenda lugha wana mambo mawili ya kufikiri. La kwanza ni neno kalulu lenyewe. Stanley aliandika ya kuwa ni neno la Kiswahili, na maana yake ni mtoto wa paa mdogo. Lakini kwa Wabemba na kwa Wanyanja kalulu ni sungura, yule yule mjanja wa hadithi zetu. Na silabi ka- mwanzoni mwa jina ni alama ya udogo katika lugha nyingi za bara, kama vile Waha wa Kigoma watumiavyo aka-. Msafara ulikuwa na watu wa makabila mengi, wakisema Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya kwao. Kwa hiyo yaelekea Ulimengo alimwita mtoto kwa jina la mnyama mdogo mwenye mbio na akili, na katika masikio ya watu wengi wa bara mnyama huyo alikuwa sungura.

La pili ni lile jina la kwanza. Kama neno la pili ni mali, basi Kiswahili cha kusema mali ya ndugu yangu kingekuwa na kiunganishi chake. Hakingesemwa Ndugu Mali. Maneno hayo yakisemwa kama yalivyo, Mswahili huyasikia kuwa ni usemi mzima: ndugu ni mali. Sisi twaona ya kuwa maana hiyo yakaa vizuri zaidi katika jina la mtu kuliko ile ya Stanley. Tena tofauti yake ni kubwa. Kwa fasiri ya Stanley, mtoto ni mali, na mwenye mali ni mwingine. Kwa fasiri yetu, jina lasifu undugu, ya kuwa ndio utajiri wa mtu. Mtoto aliyetengwa na jamaa zake wote alikuwa amechukua jina la namna hiyo mpaka Tabora, na hapo likaondolewa kwa kicheko na maji ya karai.

Msafara ukafika Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, na Kalulu alikuwamo. Stanley na Livingstone wakaenda kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaona ya kuwa Mto Rusizi waingia ziwani wala hautoki. Mwaka 1872 Stanley akarudi Ulaya, akamchukua Kalulu pamoja naye, wakaenda Uingereza na Marekani. Walipigwa picha pamoja, na picha hizo zikaenea sana. Baadaye mtoto akatiwa katika shule moja huko London kwa muda wa mwaka mmoja na nusu.

Wakati huo ndipo Stanley alipotunga riwaya yake, ikatolewa mwaka 1873, naye aliikusudia hasa kwa wavulana. Jina lake kamili lasema ya kuwa Kalulu ni mwana wa mfalme, kisha mfalme, kisha mtumwa. Ndani yake yumo pia kijana Mwarabu wa Unguja aitwaye Selim, aendaye bara na msafara, akapatwa na utumwa yeye mwenyewe, akafanya urafiki na Kalulu mpaka wakawa ndugu wa kuchanjiana. Desturi hiyo ya kuchanjiana damu wazee wetu waliijua sana, wakaitumia kuwafunga watu wa makabila mbalimbali wasipigane. Na Stanley mwenyewe aliifanya na Mirambo mwaka 1876. Kwa hiyo hatusemi ya kuwa riwaya ni uongo mtupu. Tena ina neno jema ndani yake, maana yampinga mfanya biashara ya watumwa, nayo ilitoka mwaka ule ule ambao Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja.

Hata hivyo msomaji atauliza: mtoto mwenyewe yuko wapi katika hadithi hii? Selim wa kitabuni si Selim wa Yerusalemu, wala Kalulu wa kitabuni si yule aliyehudumu mezani pa Stanley. Majina yametwaliwa, na maisha yameachwa. Mtoto aliyenyang'anywa kwao kwa kweli amepewa katika hadithi ufalme ambao hakuwa nao, na yale ambayo yeye mwenyewe angeweza kusimulia, juu ya mama yake, kijiji chake, na njia aliyopitishwa mpaka Tabora, kitabu hakina. Lakini mtu aliyeweza kuulizwa alikuwa karibu, naye alikuwa akijifunza Kiingereza.

Mwaka 1874 Stanley alikuja tena Afrika, na Kalulu pamoja naye. Wakafika Ujiji Mei 1876. Stanley akalizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua yake iitwayo Lady Alice muda wa siku 51, na aliporudi alikuta ndui imeingia mjini, na watu wake wengi wameogopa kuvuka kwenda Manyema. Wengi walitoroka. Miongoni mwao alikuwamo Kalulu. Stanley aliandika jambo hilo kwa mshangao, akakumbusha wasomaji wake ya kuwa kijana huyo alikuwa amepelekwa Uingereza na kusomeshwa. Kalulu akatafutwa, akarudishwa. Machi 1877, katika maporomoko ya Mto Kongo, mtumbwi aliokuwamo ulichukuliwa na mkondo ukaanguka, naye akafa maji pamoja na wenzake. Stanley akayaita maporomoko hayo kwa jina la Kalulu.

Basi katika maisha ya kijana huyu, tendo moja tu latusemesha waziwazi juu ya nia yake mwenyewe, nalo alilitenda katika pwani hii ya ziwa letu: alitoroka. Riwaya yasema Kalulu ni wangu. Miguu ya Kalulu ilijibu vingine.

Ili tusimhukumu Stanley bila kipimo, na tumlinganishe na Mmarekani mwingine wa wakati wa baadaye, ambaye naye alitunga riwaya akikaa ugenini Afrika. Huyo ni Paul Bowles, aliyezaliwa New York mwaka 1910. Alikuwa mtungaji wa muziki kwanza, mwanafunzi wa Aaron Copland, na muziki wake ulipigwa katika michezo ya kuigiza. Mwaka 1947 alihamia Tangier, mji wa Moroko, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1999. Riwaya yake ya kwanza, The Sheltering Sky, ilitoka mwaka 1949. Lakini sifa yake tuitakayo hapa ni nyingine. Mwaka 1959 alizunguka Moroko na mashine ya kunasia sauti, akakusanya nyimbo na ngoma za makabila mengi, zikawekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kisha akaketi na wasimulizi wa Tangier, akiwamo Mohammed Mrabet, asiyejua kusoma. Mrabet alisimulia kwa Kiarabu cha mjini, sauti ikanaswa, Bowles akafasiri. Na kitabu cha kwanza cha Mrabet cha namna hiyo, kilichotoka mwaka 1967, kina jina la Mrabet kuwa ndiye mwenye hadithi. Mtu huyu aliyezoea muziki alijua kunyamaza na kusikiliza. Hata yeye hakukosa lawama. Mwandishi wa Moroko, Mohamed Choukri, alimlaumu waziwazi katika kitabu. Lakini msimulizi wake alikuwa hai, mwenye jina, na mwenye kauli.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Watu wa misioni walifika Ujiji upesi baada ya Stanley: wa London Missionary Society mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Walikomboa watoto wengi, wakawalea, wakawapa majina mapya katika ubatizo. Jina la ubatizo ni jambo takatifu, wala hatulisemi vibaya. Lakini halikuamriwa lifute jina la kwao mtu. Mfano bora tunao katika pwani hii hii. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akatekwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akaponya watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Adrien ni jina la ubatizo. Atiman ni jina la kwao. Alichukua yote mawili mpaka kaburini, na kwa hilo la pili kila amkumbukaye ajua ya kuwa mtu huyu alikuwa na nchi kabla ya kufika kwetu.

Kwa hiyo twawaomba walimu na makasisi wenzetu mambo matatu. Mtoto aandikishwapo, liandikwe jina la kwao kama wazazi wake walitamkavyo, si kama sikio letu lipendavyo. Maana ya jina iulizwe kwa mwenye jina au kwa mamaye, isikisiwe. Na mtu akitupa hadithi, wimbo au desturi kwa ajili ya kurasa kama hizi, jina lake liandikwe chini yake.

Na kwa haki tumpe Stanley sifa moja. Jina lile ambalo hakulipenda, kabla ya kulitupa, aliliandika katika kitabu cha safari yake. Alilisikia kwa haraka, na pengine alilifasiri vibaya, lakini aliliandika. Na kama asingaliandika, sisi leo tusingalijua ya kuwa Kalulu aliitwa Ndugu Mali. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari.