Kulivuta Lori Lililokwama: Nguvu ya Bampa Iliyoundwa na Fundi

Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupata mafuta. Malori yenye mapipa yakaanza kupita mchana na usiku katika barabara itokayo Dar es Salaam, ambayo wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Kwa taabu zake ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Barabara hiyo ilitiwa lami zamani, lakini kwingineko udongo mweusi wa mbugani ungali unanasa magurudumu kila masika. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi huunda bampa za bamba nene la chuma, wakazifunga winchi na masikio ya kuvutia, yaani vipande vyenye matundu ambamo pingu na kamba hufungwa.

Sikio dhaifu ni hatari kuliko kutokuwa na sikio kabisa. Likikatika wakati kamba imekazwa, chuma huruka kama risasi. Huko Australia watu wamepoteza maisha kwa sababu mpira wa kufungia tela ulitumiwa kuvutia gari lililokwama, nao ukakatika. Kabla ya kushika kifaa cha kuchomelea, basi, fundi hana budi kukokotoa kani.

Kani iliyomo katika kamba

Lori lenye tungamo la kilo 5,000 lina uzito wa takriban kilonewtoni (kN) 49. Likizama mpaka kwenye ekseli, kani ya kulivuta inaweza kukaribia uzito huo. Tuseme winchi ina uwezo wa kN 40. Dereva hupitisha kebo katika kapi lililofungwa kwenye mti, kisha huurudisha mwisho wake kwenye sikio la bampa. Lori sasa huvutwa kwa kN 80, msuguano wa kapi ukiachwa kando. Lakini kani hiyo yote imo katika bampa: kN 40 kwenye winchi na kN 40 kwenye sikio. Bampa iliyopimwa kwa winchi peke yake itakuwa imebebeshwa mzigo maradufu.

Hatari kubwa zaidi ni kuvuta kwa kushtukiza. Lori la kilo 5,000 likienda kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde lina nishati mwendo ya jouli 10,000. Kamba ya nailoni ikinyumbuka mita 1 kabla ya lori kusimama, wastani wa kani ni kN 10. Mnyororo ukiruhusu sentimita 5 tu, wastani huwa kN 200, na kilele chake ni kikubwa zaidi. Nishati ni ile ile. Kilichopungua ni umbali. Kwa hiyo mnyororo na kebo ya chuma havifai kabisa kwa kuvuta kwa kushtukiza.

Sikio na mshono wake

Chukua sikio la chuma laini lenye unene wa milimita 25, na kati ya ukingo wa tundu na ncha ya sikio pabakie milimita 30. Ili pini ya pingu ichane ncha hiyo, lazima ikate nyuso mbili zenye jumla ya milimita za mraba 1,500. Chuma laini huanza kukubali mkato kwenye mkazo wa takriban newtoni 145 kwa milimita ya mraba. Basi ncha itahimili kiasi cha kN 217. Bamba la milimita 10 lingehimili kN 87 tu.

Hata hivyo, sikio nene halifai kitu iwapo mshono wake ni dhaifu. Tuseme sikio lenye kimo cha milimita 100 limechomelewa juu ya uso wa bampa kwa mishono miwili ya milimita 8, mmoja kila upande. Unene halisi wa mshono ni saba ya kumi ya upana wake, yaani milimita 5.6. Kwa mkazo salama wa newtoni 100 kwa milimita ya mraba, kila mshono utabeba kN 56. Likivutwa moja kwa moja mbele kwa kN 50, kila mshono hupata kN 25, na hakuna tatizo.

Sasa kamba ivutwe upande, kwa pembe ya nyuzi 30. Mishono hugawana kN 43 za mbele, lakini pia zipo kN 25 za upande. Tundu likiwa milimita 50 kutoka usoni, kani hiyo hulipinda sikio kama wenzo. Kwa kuwa mishono imeachana kwa milimita 25 tu, mmoja huongezewa kN 50, na jumla yake hufika takriban kN 72. Kiwango cha salama kimepitwa, ingawa kani ya kamba haikubadilika.

Dawa yake ni kutoboa ufa katika bampa, kulipitisha sikio mpaka nyuma, kulichomelea pande zote mbili, na kuliunganisha mkia wake na bamba linalofungwa kwenye chasisi. Wenzo sasa una mashiko marefu, nayo kani hupita kwenye chasisi badala ya kuubandua uso wa bampa.

Bolti na chasisi

Bolti yenye kipenyo cha milimita 16 na daraja la 8.8 hukatika penye hesi zake kwa takriban kN 75. Ikipewa theluthi moja tu ya kani hiyo, bolti 4 kila upande zitabeba kN 100 kwa usalama. Zipite katika matundu yaliyopo ubavuni mwa chasisi. Kutoboa kingo zake za juu na chini, au kuzichomelea, huidhoofisha.

Ukaguzi

Mshono ukishapoa, hupakwa mafuta ya taa, ukafutwa vizuri, kisha ukapakwa chokaa. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka na kuiacha chokaa na mstari wa unyevu. Kazi hiyo irudiwe kila baada ya mvuto mzito, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati wa kuvuta, watu wasimame mbali, kando ya mstari wa kamba.

Darasani, wanafunzi wanaweza kutundika mzigo kwa nyuzi mbili zilizofungwa kwenye mizani za springi. Pembe kati ya nyuzi ikiwa ya nyuzi 60, kila mizani huonyesha takriban asilimia 58 ya uzito. Ikiwa ya nyuzi 120, kila moja huonyesha uzito wote. Atakayeyaona hayo kwa macho yake hatafunga tena kamba kwenye masikio mawili bila kuipima pembe.