Ukiulizwa ukoo wako Misikhu, utajibu nini?

Kama Jumamosi yako ya Nairobi ni kulipa mlangoni kisha kusikiliza nyimbo zilezile ulizo nazo kwa simu, siku ukienda ushago jaribu hii. Panda matatu ya Webuye kwenda Kitale, mwambie konda akushushe Misikhu, halafu ufuate sauti.

Hoteli yenyewe si ya kupigia picha. Viti vya plastiki, meza inayoyumba, taa moja inayozimika ikijisikia. Agiza kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi mapema, kwa sababu muziki ukishaanza hata mpishi huacha sufuria aje kuchungulia.

Bendi ni watu wanne: gitaa, besi, ngoma, na mzee wa litungu. Hicho ndicho kinubi cha Wabukusu, nyuzi saba juu ya bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Maikrofoni imefungwa kwa utepe hapo kwa ngozi, basi kila kidole unakisikia kifuani. Ukiinuka kucheza, usihangaike na kiuno. Kamabeka ni mabega, bana. Utacheka wewe kwanza, halafu mama wa meza ya jirani atakuonyesha inavyofanywa.

Kiingilio hakuna. Wanne hawa wanategemea kutuzwa, na mwenye hoteli anajua kijana mmoja na laptopu yake angemgharimu kidogo kuliko matumbo manne. Kwa hivyo usiende mikono mitupu.

Sasa shida iko hapa. Mzee akiona sura ngeni, anapunguza wimbo na kukuuliza: "Kijana, wewe ni wa ukoo gani?" Anataka kukuimba. Batukwika? Bakhone? Babuya? Na babu yako ni rika gani? Marika ya Wabukusu ni 8, yanajazwa na wanaotahiriwa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na yakiisha yanazunguka upya. Mwenye kujua hayo mawili, wimbo wake unakuwa mrefu.

Mimi nilikwama. Nilitaja jina la babu, nikanyamaza. Hoteli nzima ikaangua kicheko, mzee naye akahamia meza nyingine akiimba kuhusu mtoto wa mjini aliyepotea njia ya kwao. Nilijua ni mimi. Kila mtu alijua.

Nikatoka nje, nikampigia mama simu. Saa nne usiku! Alidhani nimepata ajali. Nilipomwambia ninachotaka alinyamaza kidogo, akasema, "Miaka yote hii hujawahi kuniuliza." Kisha akanieleza, polepole, kama anayesomea mtoto barua.

Nilirudi ndani na jibu langu na shilingi 200. Ilibidi ningoje zamu, karibu saa nzima, maana foleni ya kuimbwa ni ndefu kuliko ya choo. Ilipofika nikasema ukoo, nikasema rika. Mzee akaangalia nyuzi zake, akaanza. Katikati ya wimbo akataja jina la baba ya babu yangu, jina ambalo mimi sikuwa nimemtajia.

Matatu za kurudi Webuye saa hizo ni za kubahatisha. Panga na mtu wa boda unayemwamini kabla hujaketi.