Utangulizi: Kuwasoma Watu wa Kijiji cha Pemba

Sensa ya Agosti 2022 iliikuta Pemba na watu 543,441. Miaka kumi kabla yake walikuwa 406,848. Walioongezeka katika muda huo peke yao wanawazidi wakazi wote wa Pemba waliohesabiwa mwaka 1958, ambao walikuwa 133,858. Kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 906 tu, kwa hiyo kila kilomita ina karibu watu 600, na wengi wao wanaishi shamba.

Elimu ya idadi ya watu huanzia kwenye tarakimu kama hizo. Ndugu msomaji unayeingia leo, karibu, lakini kumbuka kwamba sensa huhesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, na kijiji cha Pemba hakilali chote nyumbani. Wavuvi wako dago, yaani kwenye kambi zao za uvuvi, pwani ya Tanga au ya Kenya. Vijana wako madukani Unguja na Dar es Salaam. Wengine Mombasa, wengine Oman. Mume mwenye wake wawili katika shehia mbili ataandikwa alikolala, na kule kwingine karani atakuta mwanamke na wanawe. Mtoto anayelelewa na bibi ataandikwa mjukuu, basi, ingawa pesa ya madaftari inatumwa kwa simu na mama yake aliyeko Unguja.

Ndiyo maana napendelea kuanza na kiambo, yaani nyumba za jamaa zilizokaa pamoja juu ya ardhi ya wazee wao, kuliko kaya. Mtu hudai nafasi kwa upande wa baba na wa mama pia, hivyo huweza kuwa na haki kwenye viambo kadhaa huku akiishi kimoja. John Middleton aliyaeleza haya vizuri mwaka 1961 katika kitabu chake kuhusu umiliki wa ardhi Zanzibar, na bado anafaa kusomwa.

Halafu ipo mikarafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha ya Unguja kikaiacha ya Pemba, na kilimo hicho kikawavuta watu au kuwaleta kwa nguvu. Vilima vya magharibi, penye rutuba, vina wajukuu wa Waarabu wa Oman, wa watumwa na wa vibarua kutoka bara, wote wameshaoana na wenyeji. Mashariki, kwenye uwanda wa mawe, karafuu hazikustawi na wageni walikuwa wachache. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zikaja eka tatu tatu zilizogawiwa na serikali, zikachanganya upya nani anakaa wapi.

Na makabila? Sensa za kikoloni ziliyauliza, na majibu yakahamahama. Waliojiandikisha Waswahili Zanzibar mwaka 1924 walikuwa maelfu mengi. Mwaka 1931 wamebaki wachache mno. Hawakufa, walijiandikisha kwa jina jingine. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967, na kwa Pemba sioni hasara kubwa.

Sura ya kwanza inaanza na ramani ya kiambo. Asiyependa hesabu asiogope: humu kuna kujumlisha na kugawanya tu, na sehemu ngumu kidogo, ile ya mirathi, ataikuta kwenye sura ya nne.