Nyumba za Wahitimu Mjini New York

Ukipita Mtaa wa 44, katikati ya jiji la New York, utaona jumba la matofali mekundu lenye bawabu mlangoni. Wapita njia wengi hawahitaji maelezo. Hiki ni kilabu cha matajiri, watasema, mahali pa kunywea na kupangia mambo yao gizani. Nimeyasikia hayo hata kwa ndugu zetu waliosoma hukohuko Marekani, nami sikubali yaishie hapo. Kwamba ada ni kubwa, ni kweli. Kwamba milango hiyo ilifungiwa watu wengi kwa miaka mingi, ni kweli pia, na nitalieleza. Lakini jamii haijulikani kwa kutazamwa mlango.

Chama cha wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard mjini New York kilianza mwaka 1865, na kwa zaidi ya miaka 20 hakikuwa na nyumba. Wanachama walikutana kula pamoja, wakaagana. Mwaka 1887 wakapanga nyumba Mtaa wa 22, na mwaka 1894 wakahamia katika jengo lao wenyewe Mtaa wa 44. Aliyelichora ni Charles McKim, aliyesoma Harvard mwaka mmoja tu. Alichagua matofali mekundu kwa makusudi, ili mtu aliyetoka Cambridge, Massachusetts, akifika kwenye lango ajione amerudi chuoni.

Mwaka 1905 ukaongezwa ukumbi mkubwa uitwao Harvard Hall. Dari lake liko juu kiasi cha ghorofa tatu. Kuta zimevikwa mbao nyeusi-nyeusi, na picha za watu waliokitumikia chuo zimepangwa juu yake. Mekoni kuna nafasi ya kutosha magogo marefu, na viti vya ngozi vimewekwa viwiliviwili, si kwa safu, maana vimewekwa kwa ajili ya mazungumzo. Kuna pia kichwa cha tembo ukutani, ambacho wageni hukikimbilia kupiga picha. Hicho sina la kukitetea.

Desturi ninayoipenda kuliko zote haimo ukutani. Mhitimu wa vyuo kama Harvard, Yale na Princeton hutaja jina lake na mwaka wake wa kuhitimu, na kwa maandishi mwaka huo hulifuata jina kwa tarakimu mbili za mwisho. Mwaka ndio rika lake, na anayeyajua marika ya Wamaasai hatashangaa kuona watu wazima wakiketi, wakichanga na kuzikana kwa kufuata walihitimu pamoja na nani. Kila baada ya miaka mitano rika hurudi chuoni. Huko Princeton wahitimu huandamana kwa marika, wakivaa rangi ya chungwa na nyeusi. Rika linalotimiza miaka 25 hutangulia, wazee kabisa hufuata, na mhitimu wa rika la zamani kuliko yote aliyeweza kufika hukabidhiwa fimbo yenye kichwa cha fedha, iliyotolewa na rika la mwaka 1923. Mzee huyo hupita akipigiwa makofi na vijana wasiojua hata jina lake, bali mwaka wake tu. Ni heshima ambayo jiji kama New York halimpi mtu bure.

Ndani ya kilabu mgeni halipi. Hata awe na uwezo gani, hesabu huandikwa kwa mwenyeji, na mwenyeji hudaiwa mwisho wa mwezi. Karatasi za biashara hazitandazwi juu ya meza ya chakula. Simu hazipigwi ovyo. Anayesema watu hawa hukutana ili kufanya biashara tu aielewe kwanza sheria hiyo. 

Aibu yao sitaifunika. Wanawake hawakuwa wanachama kamili wa kilabu cha Harvard hadi 1973. Wenzao wa kilabu cha Yale waliwakubali mwaka 1969, lakini bwawa la kuogelea, ambako wanaume walizoea kuogelea uchi, lilibaki la wanaume hadi 1987. Walioitetea hali hiyo waliiita mila. Mila inayomwacha nje mtu mwenye shahada ileile haistahili machozi, na hakuna nyumba iliyobomoka kwa kuiacha.

Kilichobomoa ni deni, ingawa si kila nyumba iliyoachwa ilipotea. Wahitimu wa Yale, waliojenga mwaka 1901 kwenye Mtaa wa 44 huohuo, namba 30, walihama mwaka 1915 wakaingia jengo la ghorofa 22 mkabala na kituo cha reli cha Grand Central. Wanajulikana kwa kuweka akiba ya vileo iliyowavusha miaka yote ya marufuku ya pombe, kuanzia 1920 hadi 1933. Nyumba waliyoiacha sasa ni ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walioifungua mwaka 1994. Huo ndio urithi ninaousifu: nyumba ya wahitimu imerudi kuwa nyumba ya wahitimu.

Kilabu cha Princeton hakikuwa na bahati hiyo. Jengo lake la mwaka 1963, Mtaa wa 43, lilikuwa limebeba mkopo unaokaribia dola milioni 40 wakati janga la korona lilipofunga milango mwaka 2020. Vyumba vikalala vitupu, karamu zikafutwa, mkopo ukashindikana kulipwa. Oktoba 2021 kilabu kikafungwa. Chuo chenyewe ni miongoni mwa vyuo tajiri duniani, na wahitimu wake wamejaa mjini humo. Hawakukiokoa kilabu chao. Wanaosema chama ni watu, si kuta, wajiulize mzee wa rika la zamani, anayefika mjini kwa treni, sasa aende kuketi wapi amkute kijana aliyehitimu mwaka jana. Orodha ya barua pepe haina meko.

Onyo lilikuwepo. Wahitimu wa Columbia walikuwa na jumba lao mtaa huohuo wa 43, namba 4. Waliliuza mwaka 1973, likaishia mikononi mwa kanisa la mhubiri wa Korea, Sun Myung Moon. Tangu hapo wamekuwa wageni katika nyumba za wenzao, ikiwamo hiyo ya Princeton iliyofungwa. Mpaka leo hawajapata nyumba yao wenyewe.