Marejea Katika Shamba la Mahindi

Aghalabu mkulima wa mahindi, aonapo mavuno yake yakipungua mwaka hata mwaka, husema ardhi imechoka, akaiacha ilale, yaani akaiachia magugu. Walakini ardhi iliyoachiwa magugu hailali hata kidogo, kwani huwa inalea mbegu za adui wa msimu ujao. Huko Ruvuma, ambako mahindi ndiyo chakula na ndiyo tijara, wamonaki wa Kibenedikto wa Peramiho waliwahimiza wakulima kupanda marejea mahali pa magugu hayo, na rai yangu ni kwamba nasaha ile yastahili kusikizwa upya, hususan na yule ambaye kila masika huhesabu bei ya mfuko wa mbolea kabla ya kuhesabu ekari zake.

Marejea ni jamaa ya kunde, yenye maua ya manjano na kimo kiwezacho kumpita mtu. Hewa tuivutayo, asilimia 78 yake ni naitrojeni, ilhali mahindi hayawezi kuitumia hata chembe. Marejea huweza, si kwa nguvu zake, bali kwa auni ya bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi, ambao hulishwa sukari na mmea nao wakaulipa naitrojeni. Atakaye yakini na auchimbue mche mmoja kwa jembe, maana ukivutwa kwa mkono vinundu hubaki udongoni, kisha apasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea, kikiwa cheupe au kijani, haijaanza au imekwisha.

Jambo zito ni wakati wa kukata. Hukatwa maua yanapoanza kufunguka, shina lingali teketeke. Kwa kuwa likingojwa hadi likakomaa na kuwa kama mti, vijidudu vya kuliozesha havitatoshelezwa na naitrojeni iliyomo, vitaichukua ya udongo, na mahindi yatakayofuata yatageuka manjano, naye mwenye shamba atayalaani marejea bila ya haki. Mabua makavu ya mahindi, yakifukiwa karibu na siku ya kupanda, huleta msiba uo huo.

Gharama ipo. Mahali penye mvua moja kwa mwaka, shamba lililopandwa marejea matupu halitoi nafaka msimu ule, na mwenye ekari moja na watoto wa kulisha hawezi kuambiwa asubiri. Huyo heri apande marejea kati ya mistari ya mahindi baada ya palizi ya kwanza, mahindi yakiwa yametangulia, apate faida ndogo na ghala lisikose kitu. Mwenye ekari tatu na azungushe moja moja, akianza na ile yenye kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya mahindi, kwani mizizi ya marejea huziamsha mbegu za kiduha zikaota, zisipate pa kushika, zikafa.

Wa kuweka mbegu asikate ukanda mmoja wa pembezoni, auache mpaka maganda yalie yakitikiswa. Na mbegu hizo aziweke mbali na chakula cha mifugo, maana zina sumu.