Kwa Nini Punje za Ngano Husinyaa

Chukua punje za ngano, uzitandaze juu ya karatasi, kisha uzitazame kwa makini. Nyingine ni nene na nzito. Nyingine ni nyembamba, zenye makunyanzi. Yawezekana zote zilitoka katika shamba moja, tena kwa mbegu ya aina moja. Ni kitu gani basi kilichozitofautisha?

Ngano hupenda mahali penye baridi kiasi. Katika Tanzania hulimwa nyanda za juu, kama vile Karatu, Makete, Kilimanjaro ya Magharibi, na Basotu wilayani Hanang', ambako mashamba makubwa yalianza kulimwa kwa matrekta katika miaka ya 1970. Mara nyingi ngano hupandwa mvua zikiwa bado zinanyesha, nayo hukomaa mvua zikiwa zimekoma. Kwa hiyo, mvua zikikatika mapema, mmea hukosa maji wakati ule ule unapoyahitaji mno.

Kila punje huanza katika ua. Maua ya ngano ni madogo sana, na hayamhitaji nyuki, kwa kuwa kwa kawaida chavua huangukia stigma ya ua lile lile. Ikiwa udongo umekauka au joto limezidi siku chache kabla ya maua kuchanua, chavua huwa tasa, na ua lisilorutubishwa halitoi punje. Ukiliona suke hilo kwa mbali utadhani ni zima, lakini ukilifikicha viganjani utapata makapi matupu. Mvua ikinyesha juma linalofuata, majani yatapata nguvu tena. Punje zilizopotea hazitarudi.

Punje zilizotungwa huanza kujazwa chakula. Majani, hasa lile la juu kabisa lililo karibu na suke, hutengeneza sukari kwa msaada wa mwanga wa jua. Sukari hiyo husafiri ndani ya shina hadi katika punje, na humo hugeuzwa kuwa wanga. Ukiibinya punje changa hutoka maji. Siku chache baadaye hutoka kitu cheupe kama maziwa. Kisha punje huwa laini kama unga uliokandwa, na mwisho hukauka ikawa ngumu. Hali ikiwa njema, kazi hii huchukua kiasi cha majuma manne hadi sita.

Sasa fikiri kwamba maji yamepungua. Mmea hufunga vitundu vya majani yake ili usipoteze maji. Lakini hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo hutumika kutengenezea sukari, huingia kwa vitundu hivyo hivyo! Sukari hupungua. Hapo mmea hutumia akiba uliyoiweka shinani, kama mama anavyofungua ghala wakati wa njaa, nayo akiba hiyo haitoshi kujaza punje zote.

Joto nalo lina madhara yake. Wako watu wanaofurahi wakiona ngano inakomaa upesi kwa sababu ya jua kali. Furaha hiyo haina msingi. Punje hujaa vizuri katika joto la nyuzi 15 hadi 20 za Sentigredi. Joto likizidi nyuzi 30, kazi ya kugeuza sukari kuwa wanga hudhoofika, na wakati huo huo punje huharakisha kukauka. Ni kama gunia linaloshonwa mdomo kabla halijajaa.

Hata mvua yaweza kudhuru, ikichelewa kunyesha hadi ngano imekauka shambani. Punje huanza kuota zikiwa bado katika suke, na unga wake hutoa mkate unaonata.

Jaribio: Tengeneza mizani kwa kijiti, uzi na vifuniko viwili vya chupa vinavyolingana. Weka punje 50 nene katika kifuniko kimoja. Katika kifuniko cha pili tia punje zilizosinyaa, moja moja, mpaka mizani ilingane. Umetia punje ngapi? Mkulima huuza ngano yake kwa kilo. Je, mwenye punje zilizosinyaa atahitaji kuvuna masuke mangapi zaidi ili apate uzito ule ule?